Tumbo la Mwezi na Kidonge cha Maumivu: Historia Yake

Kwa Kirundi, mwanamke akiwa mwezini wanasema yuko mu butinyanka. Ukilivunja neno hilo utapata gutinya, yaani kuogopa, na inka, yaani ng'ombe. Zamani huku milimani mwanamke katika siku hizo hakunywa maziwa, na hakutakiwa kukaribia ng'ombe, maana watu waliamini mnyama angedhurika. Sisi tuliotoka ng'ambo, Kivu ya Kusini, tulikuja na maneno yetu na miiko yetu, na mingine inafanana na hii kama ndugu na ndugu. Lakini angalia kitu kimoja. Neno hilo linamsema ng'ombe. Linasema nani aogope na nini kisiguswe. Maumivu ya mwenye tumbo hayamo ndani yake.

Ndiyo maana nimeandika hii historia. Kila wiki katika mikutano ya vijana hapa Muyinga, mara wavulana wakishatoka, linakuja swali lile lile kwa sauti ya chini: "Yaya, ile tumbo ya mwezi, unakunywaka dawa gani?" Na majibu yanatolewa palepale na wenzao. Mmoja anasema para. Mwingine anasema kapsuli za rangi mbili. Mwingine anasema dikolofenaki, mbili mbili, asubuhi kabla ya kula ili ishike haraka. Kila mmoja anajibu kwa moyo mzuri, na baadhi ya majibu hayo yanaweza kumharibu mtu figo au tumbo. Nimeona ni bora kusimulia vidonge hivi vilitoka wapi, kwa sababu kanuni zilizoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi hazikuanguka kutoka mbinguni. Karibu kila kanuni iliandikwa baada ya watu fulani, mahali fulani, kuumia.

Tuanze Gitega. Mwaka 1899 mapadri wa White Fathers walianzisha misheni ya Mugera, ambayo leo iko katika eneo la Gitega. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefungua Muyaga, upande wa mashariki. Mwaka ule ule wa 1899, mbali sana, Ujerumani, kampuni ya Bayer ilianza kuuza unga mweupe kwa jina la Aspirin. Vitu viwili visivyojuana. Lakini Urundi ilikuwa tayari imechorwa ndani ya koloni la Wajerumani, na mwaka 1912 Wajerumani hao wakajenga boma lao Gitega na kuufanya mji huo makao ya utawala. Wabelgiji wakafika 1916 na kuchukua yote. Kwa hiyo nchi hii iliingia katika dunia ya vidonge kupitia milango miwili, mmoja wa Kijerumani na mmoja wa Kifaransa, na mpaka leo kwenye boksi utasoma "acide acétylsalicylique", jina refu ambalo linamaanisha aspirini basi.

Aspirini yenyewe ina wazee wake. Mwaka 1763 padri mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliandikia chama cha wanasayansi cha London kwamba gome la mwerebi, ule mti wa kando ya mito ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina, linashusha homa. Alilikausha, akalisaga, akawapa watu kama 50. Baada ya hapo wakemia walitafuta kilichomo ndani ya gome, wakakipata, lakini kiliunguza tumbo vibaya. Mwaka 1897 katika maabara ya Bayer wakakibadilisha kidogo ili kisiunguze sana. Nasema kidogo, maana bado kinaunguza.

Vitabu vingi vinataja jina moja tu la mgunduzi, Felix Hoffmann. Lakini palikuwa na mkemia mwingine pale, Arthur Eichengrün, Myahudi. Yeye alifungwa katika kambi ya Theresienstadt wakati wa vita, na mwaka 1949, mwaka aliokufa, aliandika kwamba kazi ile ilifanyika chini ya maelekezo yake na kwamba jina lake lilifutwa. Bayer haikubali maelezo hayo. Mtafiti mmoja wa Scotland, Walter Sneader, alichunguza makaratasi ya zamani na akamuunga mkono Eichengrün. Sisi tunaojua maana ya jina kukosekana kwenye orodha hatuwezi kuipita hadithi hiyo bila kusimama.

Wakati huo huku, tiba ya wakoloni ilikuwa na shughuli nyingine. Ilipigana na homa ya malale, buba, malaria, magonjwa yanayoua au yanayomzuia mtu kufanya kazi. Mwaka 1929 Wabelgiji na Mabruda wakafungua shule kubwa ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, nchini Rwanda, na ndipo waganga wasaidizi wa Ruanda-Urundi walipofundishwa. Walikuwa wavulana. Sasa fikiria msichana wa miaka 15 wa miaka ile, anatembea kutoka kilimani mpaka zahanati ya misheni, halafu amweleze mwanamume mwenye koti jeupe kwamba tumbo la chini linamkata kila mwezi. Hakwenda. Alibaki kwa bibi yake, na bibi alikuwa na umuravumba na umubirizi, majani machungu ambayo mpaka leo yanapandwa kando ya nyumba kwa ajili ya homa na tumbo. Na alikuwa na kitambaa kilichopashwa moto. Kitambaa hicho tutakirudia, maana bibi alikuwa na akili kuliko walivyofikiri wenye koti.

Sasa ndugu wa pili wa aspirini, paracetamol, ile "para" ya kila siku. Historia yake imejaa bahati mbaya na bahati nzuri. Mwaka 1886 huko Strasbourg madaktari wawili vijana, Cahn na Hepp, walitaka kumpa mgonjwa naftalini kwa ajili ya minyoo. Duka la dawa likawatumia kitu kingine kimakosa. Minyoo haikuondoka, lakini homa ikashuka. Kile kitu kiliitwa asetanilidi, kikauzwa haraka kama dawa, na watu wakaanza kugeuka rangi, midomo na kucha zikawa za buluu, kwa sababu damu ilishindwa kubeba hewa vizuri. Ndipo Bayer wakaleta binamu yake, fenasetini, ambayo haikugeuza watu buluu sana na ikapendwa dunia nzima.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hadithi ya fenasetini ndiyo inayofanana zaidi na maisha ya kambini.

Australia, baada ya vita vya pili vya dunia, kulikuwa na unga wa maumivu uliouzwa madukani katika karatasi ndogo, kama vile huku wanavyouza majani ya chai ya kupima. Jina moja lilikuwa Bex, jingine Vincent's. Ndani mlikuwa na aspirini, fenasetini na kafeini. Matangazo yaliwalenga wanawake: mama wa nyumbani aliyechoka, mfanyakazi wa kiwandani mwenye kichwa kinachouma, mwanamke aliye katika siku zake. Kunywa chai, kunywa unga, lala kidogo, amka uendelee. Na kafeini ilifanya mwili uuzoee. Wapo waliokunywa kila siku kwa miaka, wakiwa hawaumwi tena chochote isipokuwa kichwa kinachokuja pale dawa inapokosekana.

Kisha figo zao zikaanza kufa. Daktari mmoja wa figo mjini Melbourne, Priscilla Kincaid-Smith, mwanamke aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa kati ya walioonyesha kwamba unga huo ndio uliokuwa ukiwaua wagonjwa wake, wengi wao wanawake. Alipiga kelele kwa miaka. Fenasetini ikaondolewa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ikazuia uuzaji wa holela wa michanganyiko ile. Marekani waliiondoa fenasetini mwaka 1983.

Kwa nini nasema inafanana na kwetu? Kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, mchanganyiko. Sokoni utauziwa karatasi ndogo yenye vidonge vitatu, vinne vya rangi tofauti, na muuzaji anakuambia "ni melanji ya tumbo, kunywa yote". Hujui ni nini, hujui ni ngapi, na mara nyingi viwili kati yake ni ndugu wa damu wanaoshambulia tumbo na figo zile zile. La pili, mazoea. Mama anaanza na kidonge cha siku za mwezi, halafu kinakuwa cha mgongo wa kubeba maji, halafu cha usingizi usiokuja, halafu cha kila siku. Maumivu ya kambi hayaishi tarehe tano ya mwezi. Ila figo ni zile mbili.

Turudi kwa para. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1878 na Mmarekani, Harmon Morse, halafu ikawekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu walidhani inafanya vibaya kama ndugu zake. Mwaka 1948 Bernard Brodie na Julius Axelrod wakagundua jambo la ajabu: mtu akinywa asetanilidi, mwili wenyewe unaigeuza kuwa paracetamol, na hiyo paracetamol ndiyo inayotuliza maumivu, wakati ubaya wa rangi ya buluu unatoka kwingine. Yaani kwa miaka 60 dunia ilikuwa inakunywa sumu ili ipate dawa iliyokuwa imelala kwenye kabati. Miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa, Marekani kwa jina la Tylenol, Uingereza kwa jina la Panadol, na Ufaransa baadaye wakaja na Doliprane na Efferalgan.

Hapo ndipo penye mtego kwa mtu wa Muyinga. Sehemu hii iko mlangoni mwa Tanzania, njia ya Kobero. Dawa za upande ule zinakuja na maandishi ya Kiingereza, za Bujumbura zinakuja na ya Kifaransa. Dada ananunua Panadol kwa muuzaji mmoja na Doliprane kwa mwingine, anakunywa zote akidhani ni dawa mbili. Ni moja. Para haichubui tumbo kama aspirini, ndiyo maana tunaiamini, lakini ikizidi inaharibu ini, na inafanya hivyo kimyakimya: siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia vizuri kabisa, na ini linakufa siku zinazofuata. Kwa mtu mzima mwenye afya kidonge cha miligramu 500 hunywewa kimoja au viwili kwa mara moja, kisha unasubiri saa 4 angalau, bora 6, na usizidi vidonge 8 kwa mchana na usiku wote. Mwembamba aliye chini ya kilo 50, aliyekonda kwa njaa, au anayekunywa pombe kila siku, kiasi hicho ni kikubwa kwake, na aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Hata kama amezidisha na anajisikia mzima, aende siku ileile. Dawa ya kuokoa ini ipo, ila inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Lakini mpaka hapa hakuna hata mmoja kati ya hao wanaume wa maabara aliyekuwa ameuliza swali lenyewe: tumbo la mwezi linauma kwa nini? Vitabu vya udaktari vya karne iliyopita viliandika bila aibu kwamba maumivu haya yako kichwani, kwamba ni ya mwanamke asiyetaka kuwa mwanamke, mwenye wasiwasi, aliyedekezwa. Ukisikia leo mtu anamwambia binti "acha kujidekeza, hata mama yako alipitia", ujue anaongea kama profesa wa Ulaya wa mwaka 1930, ingawa hajui.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1957, Sheffield, Uingereza. Mtafiti aitwaye Pickles alipima damu ya hedhi yenyewe, kitu ambacho wenzake hawakutaka hata kukitaja mezani, na akakuta ndani yake kuna kitu kinachofanya misuli ijikaze. Kitu hicho ni cha jamii ya prostaglandini. Baadaye yeye na wenzake wakaona kwamba wanawake wanaoumwa sana wanacho kingi zaidi. Basi si uvivu, si kudeka. Mfuko wa uzazi unajikaza kama ngumi, unajinyima damu, na ndio maumivu. Prostaglandini zile zile zikipita tumboni zinaleta kuharisha na kichefuchefu, ambavyo wasichana wengi wanafikiri ni minyoo.

Kisha mwaka 1971 John Vane, mjini London, akaonyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Dawa ilikuwa imeuzwa miaka 72 kabla ya mtu kujua inafanya nini. Vane alipata tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Waswidi wawili. Ukiunganisha Pickles na Vane unaona njia yote: kama maumivu yanatokana na kitu hicho, na dawa ya jamii hii inazuia kitu hicho, basi dawa inalenga mzizi wenyewe. Mwaka 1979 daktari wa familia wa Marekani, Penny Budoff, mwanamke aliyekuwa akiumwa mwenyewe, alichapisha majaribio yake ya asidi mefenamiki kwa wanawake wenye tumbo la mwezi, na ilisaidia. Sioni ajabu kwamba mtu aliyeharakisha jambo hilo alikuwa mtu mwenye tumbo.

Ibuprofen ni ya jamii hiyo hiyo. Stewart Adams na wenzake wa kampuni ya Boots, mji wa Nottingham, walijaribu mamia ya michanganyiko kuanzia miaka ya 1950, wakitafuta dawa ya wazee wenye baridi yabisi. Wakaipata mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikaanza kutolewa Uingereza mwaka 1969 kwa cheti cha daktari. Adams alipenda kusimulia kwamba aliijaribu mwenyewe asubuhi moja alipokuwa na kichwa kizito cha pombe kabla ya kuhutubia mkutano Moscow. Mwaka 1983 Uingereza wakaruhusu iuzwe bila cheti, na Marekani mwaka 1984. Tangu hapo mwanamke angeweza kuingia dukani mwenyewe, bila kueleza mtu yeyote kitu chochote, akanunua. Kwangu mimi huo ni uhuru mkubwa ambao historia haiusemi sana.

Ila uhuru huo una kanuni zake, na za ibuprofen ni ngumu zaidi kwetu kuliko kwa watu wa Nottingham. Kanuni ya kwanza ni chakula. Prostaglandini zinakaza mfuko wa uzazi, lakini pia zinalinda ngozi ya ndani ya tumbo la chakula na zinasaidia figo kupata damu. Ukizizuia, unazizuia zote. Ndiyo sababu unaambiwa unywe ukiwa umekula, na maji ya kutosha. Mtu aliyeandika karatasi ile hakuwaza mwisho wa mwezi kambini, wakati unga umekwisha na msichana anakula mara moja kwa siku. Wanaokunywa dikolofenaki asubuhi kabla ya kula "ili ishike" wanafanya jambo baya zaidi ambalo lingeweza kufanywa. Kama ni uji tu, basi uji huo kwanza. Kama hakuna kitu kabisa, au umeharisha na kutapika mpaka huna maji mwilini, siku hiyo para ni salama zaidi.

Kiasi cha mtu mzima, na msichana aliyetimiza miaka 12, ni miligramu 200 mpaka 400 kwa mara moja, mara tatu kwa siku, na isizidi 1200 kwa siku bila mtu wa afya kukuelekeza. Soma namba kwenye kidonge, maana vipo vya 200 na vya 400 na vinafanana. Anza mara tu dalili zinapoanza, usisubiri mpaka umelala chini, kwa sababu inazuia prostaglandini kutengenezwa na haiwezi kuziondoa zilizokwisha kutengenezwa. Siku mbili au tatu zinatosha, kisha acha mpaka mwezi mwingine. Usiinywe kabisa kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na aspirini. Usiinywe kama una mimba au unadhani unayo. Usiiunganishe na dikolofenaki, aspirini au indometasini, hao ni ndugu wa nyumba moja. Para inaweza kunywewa pamoja nayo, maana ni ya nyumba nyingine.

Aspirini kwa wasichana wadogo iachwe. Mwaka 1963 daktari wa Sydney, Douglas Reye, alieleza ugonjwa unaovimbisha ubongo na kuharibu ini la mtoto, na miaka ya 1980 ikajulikana kwamba unahusiana na aspirini iliyotolewa kwa mtoto mwenye homa ya virusi. Leo inakatazwa kwa walio chini ya miaka 16 isipokuwa daktari aagize. Hedhi inaanza kabla ya hapo.

Na zile kapsuli za rangi mbili ni antibiotiki. Zinaua bakteria, na tumbo la mwezi halina bakteria wa kuuawa. Unachopata ni wadudu wa mwilini waliojifunza kuishi na dawa, ili siku mtoto akishikwa na nimonia isimsaidie. Nimeshaambiwa mara nyingi, "lakini mimi nilipona". Bila shaka ulipona, siku ya tatu, kama ungepona bila chochote.

Sasa kitambaa cha bibi. Mwaka 2001 Marekani walifanya jaribio: kundi moja la wanawake lilipewa ibuprofen ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, kundi jingine likafungwa tumboni kipande chenye joto la nyuzi 39 hivi kwa saa 12. Joto lilisaidia karibu sawa na kidonge, na waliopata vyote viwili walipata nafuu mapema zaidi. Chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto, si yanayochemka, iliyofungwa kwa kitenge, inatosha. Kuni ni shida, najua. Lakini yale maji yanaweza kuwa yaliyobaki ya chai.

Kuna maumivu ambayo si ya mwezi hata kama yamekuja siku za mwezi. Ukibadilisha kitambaa kila saa moja au mbili kwa kujaa, damu ikiendelea kupita siku 7, kukiwa na homa na uchafu wenye harufu, maumivu yakianza ukubwani wakati hayakuwepo zamani, au dawa ya kawaida haifanyi kitu, nenda kituo cha afya. Na kama mwezi ulichelewa kisha maumivu makali yakaja upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, usinywe kidonge chochote ukalala. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wake, na hiyo inaua kwa saa.

Neno la mwisho ni kwa wafanyakazi wa mashirika, maana najua wanasoma kurasa hizi. Burundi ina sehemu yake katika historia hii. Kuanzia 2012 na 2013, Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na Msalaba Mwekundu wa Burundi walifanya jaribio katika kambi ya Bwagiriza, Ruyigi: walitengeneza vifurushi vya hedhi vya aina mbili, kimoja chenye pedi za kutupa, kingine chenye pedi za kufua, pamoja na chupi, sabuni, ndoo na vinginevyo. Halafu wakakaa chini na wanawake wakawauliza kinachofaa na kisichofaa. Mafunzo ya Bwagiriza yalitumika baadaye Uganda, Madagascar na Somalia. Wakimbizi wa mlima huu waliifundisha dunia jambo hilo.

Vifurushi hivyo vilishughulikia damu. Maumivu yaliachiwa duka la dawa na soko. Lile kasha la dharura la afya ambalo mashirika hutuma mahali pa msiba, kwa watu 10,000 kwa miezi mitatu, lina paracetamol na ibuprofen ndani, kwa hiyo dawa si ngeni kwenu. Nimefanya hesabu na wasichana wa kikundi chetu ubaoni: kidonge kimoja cha 400 mara tatu kwa siku, siku mbili, ni vidonge 6 kwa mwezi, 72 kwa mwaka kwa msichana anayevihitaji, na siyo kila mmoja anavihitaji. Vinakaa katika bahasha ndogo. Juu ya bahasha kuna nafasi ya kuandika kwa Kiswahili na kwa Kirundi: kula kwanza, kimoja, subiri saa 8, si kwa mwenye mimba wala mwenye vidonda vya tumbo. Wasichana walishayaandika maneno hayo, kwa mkono wao, kwenye karatasi ya daftari. Iko ofisini kwetu, anayetaka kuinakili aje.